Pikapu ya Shingoni: Mwongozo wa Kukosea kwa Uhakika

Pikapu ya darajani ya gitaa lako umeshanunua. Boksi limeandikwa kiloomu 16 na ushei, na ukiipiga jirani anagonga ukuta. Imebaki ya shingoni. Fuata maelekezo haya nawe utajuta kitaalamu.

Kwanza, chukua pacha wake. Kama 16 zinafaa darajani, shingoni zitakataa kwa nini? Puuza wanaosema kwamba uzi hutikisika kwa upana zaidi karibu na shingo, kwa hiyo pikapu ileile ikihamia huko hutoa sauti kubwa na nzito kupita kiasi. Wewe geuza swichi katikati ya solo, sauti izame kwenye tope, mpiga besi akutazame akidhani umemwingilia kazi. Wapo wanaofunga JB ya Seymour Duncan darajani, kiloomu 16 hizo hizo, kisha shingoni wanaweka Jazz ambayo haifiki hata 8. Wanalipa hela nzima kwa omu nusu, na cha kuudhi ni kwamba gitaa lao linasikika vizuri.

Omu zihesabu kama misuli. Waya mwembamba huzipandisha hata bila kuongeza mizunguko, ndiyo maana kwenye Telecaster, ambayo pikapu yake ya shingoni kwa kawaida huzungushiwa waya mwembamba kuliko ya darajani, namba hizo hazimtaji mwenye nguvu. Lakini kijiweni nani anabishana na namba?

Kisha changanya watengenezaji bila kuuliza nani kazungusha waya kuelekea wapi. Swichi ikikaa katikati, pikapu mbili zinazopingana zitafutana sauti nzito, kibaki kitu chembamba cha puani, kama mtangazaji mwenye mafua. Fundi atakwambia ugeuze waya mbili za pikapu moja. Sawa, ila ile ya shingoni ya Telecaster ina kava la chuma, na kava limeungwa na upande wa ethi kwa kipande kifupi cha waya. Usikikate, wala usilipe kava ethi yake lenyewe. Ukishageuza, kava litakuwa ndani ya njia ya sauti, na kidole kikiligusa tu amplifaya inazomea.

Ukibanwa maswali, mtaje mpiga gitaa Peter Green. Les Paul yake ya 1959 ilikuwa na sumaku iliyogeuzwa kwenye pikapu ya shingoni, na sauti ile ya puani ikamjengea jina. Leo gitaa lenyewe analo Kirk Hammett wa Metallica. Kwamba Green alijua pia kupiga, hilo lipite.

Pikapu ya betri darajani na ya kawaida shingoni? Funga tu. Potenshomita ya kiloomu 25 inayofaa ya kwanza itaizima ya pili, lakini utakuwa umeokoa muda.

La mwisho, bisibisi usiiguse. Skrubu mbili za pembeni hushusha pikapu ya shingoni bila gharama: unabana nyuzi kwenye freti ya mwisho, unaacha milimita 2.4 hivi shingoni na 1.6 darajani, kisha unageuza swichi huku na huku hadi sauti zilingane. Hatari yake ni kwamba unaweza kugundua pikapu iliyokuja na gitaa ilitosha, na hapo utapiga picha ya boksi gani?