Jogoo wa Mwenyekiti Aenda Kaole

Kikoba kikihamia nyumbani kwako, mgeni ni wewe. Mke wangu ni mweka hazina wa kikoba cha kina mama wa mtaa wetu hapa Tegeta, kwa hiyo sebule yangu ni ofisi na viti vyangu ni mali ya umma.

Kikoba chenyewe kina kanuni kuliko Bunge. Ukichelewa, faini. Simu ikiita kikaoni, faini. Kila mwezi huitwa mtaalamu wa kufundisha jambo, na kila mwaka hufanyika matembezi. Safari hii Katibu, kwa mwandiko wake mzuri, aliyapanga yote Jumamosi moja: afisa mifugo aje saa moja asubuhi kuchanja kuku dhidi ya kideri, na Coaster ya kwenda Bagamoyo ing'oe nanga saa mbili.

"Muda upo," Mwenyekiti akasema. "Kuku mwenyewe ni tone moja tu jichoni."

Kweli ni tone moja. Lakini afisa alikuwa na masharti: kuku wote wachanjwe siku moja, na wafungiwe tangu jioni ili asubuhi wakamatike bila mbio. Banda la pamoja likapatikana bila kikao: bafu langu la uani. Ijumaa magharibi matenga yakaanza kuingia. Wakaja matetea wa Katibu, wakaja vifaranga wa Mama Vitumbua, na nyuma yao jogoo wa Mwenyekiti, mwekundu, kifua mbele kama diwani aliyepita bila kupingwa. Usiku ule nilioga kwa ndoo nyuma ya nyumba, naye akiwika kila gari lilipopita.

Alfajiri mama mkwe, ambaye masharti hayakumfikia, akasikia kelele bafuni. "Viumbe vya Mungu vimelala na njaa!" Akafungua mlango, akamwaga pumba uani.

Afisa alipoingia na kisanduku chake cha barafu, aliwakuta wanafunzi wake ndani ya sare mpya za kitenge, kila mmoja mbio. Kuku wengine wako chini ya gari la jirani, wengine juu ya mwembe. Akasimama katikati ya uwanja akatoa somo lake hivyohivyo, kwa sauti ya kuwafuata waliko: chanjo haimponyi kuku aliyekwisha ugua, humkinga aliye mzima, na kichupa kikishafunguliwa si cha kuweka akiba. Alipofika hapo, cha kwake alikuwa amekwisha kukifungua.

Nje, Coaster ikaanza kupiga honi. Mimi nikapewa kazi ya kushika: kuku analazwa ubavu, jicho moja juu, tone linadondoshwa, unangoja lisambae ndipo umwachie. Mke wangu alisimama na daftari, akiweka alama kwa kila anayeachiwa. Hesabu za kikoba hazikosei: amepungua mmoja. Jogoo wa Mwenyekiti.

Tukatafuta hadi kwenye kabati la vyombo. Dereva akatishia kuondoka. Basi tukapanda, Mwenyekiti amenuna, afisa akiomba lifti hadi Bunju, mimi nimechukuliwa kubeba masufuria ya pilau. Tunakaribia Bunju, chini ya kiti cha nyuma pakawika.

Afisa alikataa kuchanja ndani ya gari linaloyumba. Tone lingeishia kwenye kitenge cha mtu. Pilau nayo ilikuwa inanukia, naye hakulazimishwa sana kuendelea na safari. Ndiyo maana siku hiyo, kwenye magofu ya Kaole huko Bagamoyo, mwongozaji alipotuonyesha msikiti wa karne ya 13 na makaburi yake, nusu ya hadhira ilimgeukia afisa na kisanduku chake. Kisha tukapelekwa kwenye mbuyu, ambao husimuliwa kwamba anayeuzunguka huongeza umri. Mwenyekiti akauzunguka na jogoo kwapani, apate kinga mbili.

Kikao kilichofuata kilibishania nauli. Mweka hazina alisema aliyepanda gari huchangia, awe na mabawa asiwe nayo. Mwenyekiti akajibu kwamba jogoo alikwenda kimasomo. Wakaafikiana kwenye jambo moja tu: gari lilichelewa, na faini ni ya mwenye bafu. Nikalipa.

Ndipo Katibu akakumbusha kwamba chanjo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Nikasema naunga mkono hoja, ila bafu limeharibika.

"Limeharibika lini?" akauliza mama mkwe. "Si nimetoka kuoga sasa hivi?"