Sifa za Domeni

Wanaomsifu Pythagoras na pembetatu yake, wasifu. Mimi sifa zangu nampa domeni, yule anayewanyima usingizi wanafunzi wa kidato cha tatu kila wafikapo kwenye fanksheni.

Kwanza, asifiwe kwa uvivu. Fanksheni inazidisha, inagawanya, inachora mikunjo hadi penseli iishe. Domeni hafanyi hesabu hata moja. Amekaa mlangoni kama bawabu, akizikagua namba zinazotaka kuingia kwenye fanksheni. Akipewa x² + 3x anaandika "namba zote halisi" na kurudi kulala.

Mpe kipeuo cha pili na asili yenye x ndipo umjue. Kwenye √(x − 3) / (x − 5), zote zilizo chini ya 3 anazirudisha, kwa kuwa hasi haina kipeuo cha pili miongoni mwa namba halisi. 3 yenyewe inapita. 4, karibu. 5, hapana, itafanya asili iwe sifuri. 6, pita. Kumtoa mmoja katikati ya umati usio na mwisho kunataka kipaji.

Ila ninachompendea zaidi ni kinyongo. Chukua (x² − 4) / (x − 2). Mwanafunzi hodari ataandika kiasi kuwa (x − 2)(x + 2), atakata, atabaki na x + 2, na wote watasahau kwamba kuliwahi kuwa na asili. Domeni hasahau. 2 haiingii ng'o, na mstari ulionyooka vizuri lazima utobolewe penye (2, 4). Tobo lenyewe halina upana wowote. Tunalichora kiduara ili tukilisahau tunyimwe alama kwa haki.

Mwaka 1997 manowari ya Marekani, USS Yorktown, ilikuwa baharini bila mlinzi wa namna hii. Sifuri iliingizwa kwenye kompyuta, programu ikagawanya kwa sifuri, mitambo ya kuendeshea meli ikazimika.

Nchi kavu nako anahitajika. Mfugaji ana waya wa mita 40, anataka zizi la mstatili. Urefu ukiwa mita x, eneo lake ni x(20 − x). Asipokuwapo domeni wa kusema x ikae kati ya 0 na 20, mtu ataweka 25, apate zizi lenye upana wa mita hasi 5 na eneo la mita za mraba hasi 125. Mbuzi wakishaingizwa humo, sijui watahesabiwaje jioni.