Mishumaa ya Keroka

Pale Keroka, mji ambao Kisii na Nyamira zinaugawana, mpwa wangu anasoma mishumaa. Si ya kanisani. Ni ile ya kijani na nyekundu kwenye grafu ya bei katika simu, urithi wa wafanyabiashara wa mchele wa Japani.

Ananifundisha kwa subira. Mshumaa mwekundu ukimeza wa kijani wa jana, wauzaji wameshika usukani. Mwili mdogo chini na utambi mrefu juu: bei ilipanda mlima, ikafukuzwa. Halafu kuna mmoja uitwao mtu aliyenyongwa. Jina tu lingetosha mtu auze.

"Mjomba, ungejua haya mwaka 2008!"

Amenigusa penye kidonda. Hisa za Safaricom tulizigombania kwa shilingi 5, wengine kwa mkopo. Siku ya kwanza zikaruka, tukaitana wawekezaji. Baadaye zikateremka chini ya ile 5, na mkopo haukuteremka nazo.

Juzi alikuwa sokoni na mama yake, aliyeketi kando ya mikungu yake ya ndizi. Dada yangu aliona lori la kwanza la ndizi likiingia, akanyamaza. La pili, akaacha kubishania shilingi ishirini. La tatu lilipopiga honi, alikuwa amekwishauza mkungu wa mwisho, anakunja gunia.

"Mama, mbona haraka? Hatujapata mshumaa wa kuthibitisha."

Alikuwa bado anausubiri simu ilipoisha chaji.