Data Ameisha

Kwetu Buha mtoto humwita baba yake "data". Neno hilo babu zetu walikuwa nalo kabla kampuni ya simu yoyote haijazaliwa, kampuni zikaja zikalibeba bila hata kuhonga pombe ya ndizi. Sasa hapa Titye, Kigoma, kitinda mimba wangu akiangua kilio jioni, "Data! Data imeisha!", majirani hawajui kama nimefariki au ni bando. Mara zote ni bando. La wiki, nililonunua Jumatatu. Analia Jumanne.

Kuna siku tuliitwa mkutano wa wazazi, ajenda ikiwa usalama wa watoto mitandaoni. Tulikaa kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yanagusa kidevu, na kijana mgeni aliyechomekea vizuri akatueleza kuwa mzazi makini hukagua simu ya mtoto wake kila siku. Mama mmoja nyuma akanyoosha mkono. "Mwanangu, simu ya mtoto ndiyo ipi?"

Kijana akatafuta jibu kwenye makaratasi yake, akalikosa. Swali lilikuwa la haki kabisa. Kwangu simu janja ni moja. Asubuhi ni yangu, saa kumi na moja jioni ni ya huyo kitinda mimba, wa darasa la nne, usiku mama watoto anasikilizia mahubiri. Zamani tulijitetea kwamba chaji hakuna. Tangu gridi ya taifa itufikie mwaka 2022, hata hicho kisingizio kimekufa. Sasa hapo nani amkague nani?

Facebook, WhatsApp na TikTok wanasema mtumiaji awe ametimiza miaka 13. Kwenye simu yangu sheria hiyo inaheshimiwa sana, maana mwenye akaunti ana miaka 47. TikTok wanaamini kabisa kwamba huku Kigoma kuna mkulima wa maharage ambaye ikifika saa kumi na moja anapenda katuni, wanasesere na mabinti wanaocheza singeli. Jumapili moja mchungaji alinivuta pembeni, maana mimi ni mzee wa kanisa, akaniuliza kwa sauti ya kumuuguza mtu kwa nini nimempa binti mmoja wa Dar es Salaam mioyo kumi na minne.

"Ni mtoto, mchungaji."

"Wote husema hivyo, mzee."

Nasikia Australia wamepiga marufuku watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti tangu tarehe 10 Desemba 2025, na wanaobanwa ni kampuni zenyewe. Heri yao. Hapa ukimfungia mtoto umemfungia na mzee wa kanisa.

Nilijaribu kuweka mchoro wa kufungulia simu. Ulidumu siku moja. Mtoto aliishika simu akailaza kidogo kwenye mwanga wa mlangoni, akatazama kioo kama fundi saa, kisha akafuata kwa kidole njia ya mafuta ya dagaa niliyoiacha mimi mwenyewe baada ya chakula cha mchana. Herufi L. Simu ikafunguka. "Data," akaniambia bila kunitazama, "uwe unanawa."

Turudi mkutanoni, maana si yote yalikuwa ya kucheka. Kijana alisoma utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa mwaka 2022: watoto 67 kati ya 100 wa miaka 12 hadi 17 nchini wanatumia intaneti, na kati ya kila 100 wanaotumia, 4 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja tu. Darasa zima lilinyamaza. Akatupa namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, bure. Nimeiandika kwa mkaa nyuma ya mlango, juu ya deni la mashine ya kusaga, mahali ambapo kila mtu nyumbani hutazama.

Nilitoka pale nimeapa kuwalinda wanangu dhidi ya watu wabaya mitandaoni. Tatizo ni kwamba mtu mbaya wa kwanza alipatikana haraka, naye ndiye aliyekuwa anaapa.

Januari binti yangu mkubwa alichaguliwa kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni mkoani Tabora. Baba gani asiyejivuna? Siku ya safari nilimsimamisha mbele ya mgomba, sare mpya, sanduku la bati miguuni, ameshika fomu ya kujiunga na shule kifuani. Nikapiga picha, nikaipandisha Facebook, "Mungu ni mwema", na kwa kuwa sijui kufunga chochote, ikaonekana na dunia nzima. Majina ya waliochaguliwa TAMISEMI huyatoa mtandaoni pamoja na shule zao, kwa hiyo hayo mtu angeyapata. Nilichoongeza mimi ni kile kilichokuwa kwenye fomu, kwa kalamu ya bluu, mwandiko ule ule niliosifiwa nikiwa darasa la saba: namba ya simu ya mzazi.

Februari, nikiwa napanda maharage, simu ikaita. "Mzazi? Naongea na baba yake?" Akataja jina la binti, majina yote matatu. Akataja shule. "Mimi ni mwalimu wa zamu. Mtoto ameanguka mstarini, tuko naye hospitali, daktari anataka vipimo sasa hivi. Tuma elfu themanini na tano kwenye namba ninayokutumia kwa meseji, itakuja jina la daktari."

Msomaji, mimi ndiye huwa nacheka watu wanaotumiwa "ile hela itume kwenye namba hii". Nawaita washamba. Siku hiyo nilikimbia toka shambani na jembe mkononi, nikachomoa elfu themanini na tano za kuuza gunia la maharage, nikafika kwa wakala natweta. Kibanda kimefungwa. Mke wake yuko nje anapepeta mtama.

"Kaenda shamba, shemeji. Na hata angekuwepo, float hana tangu jana."

Nimemlaani wakala huyu miaka mitatu. Hana float Jumatatu, hana float Ijumaa, siku ya mnada anatoroka kabisa. Nilimlaani tena pale pale, kwa Kiha, maana Kiswahili hakikutosha. Ndipo mke wake akauliza, anapepeta tu: "Kwani ile namba ya kwenye fomu ya shule umeipiga?"

Sikuwa nimeipiga. Nikapiga. Mwalimu halisi akaniambia subiri, nikasikia filimbi na kelele za watoto, kisha sauti ya binti yangu ikihema: "Data, vipi? Niko netiboli."

Nilikaa chini kwenye makapi ya mtama. Baadaye nikafanya yale ambayo kijana wa mkutano alituelekeza nami nikiwa nasinzia. Ile meseji ya tapeli niliituma 15040, namba ya TCRA, wakauliza namba iliyoniletea, nikaitoa kwa moyo mkunjufu. Nikabonyeza *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu cha NIDA. Nikakuta tatu. Mbili zangu, ya tatu ya shemeji ambaye aliniomba kidole "mara moja tu" na hajawahi kunirudishia hata salamu. Picha nikaifuta. Binti alipokuja likizo nilimpa somo refu kuhusu hatari za mitandao. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akasema, "Sawa, data. Ila shuleni simu haziruhusiwi. Aliyekuwa mtandaoni ni wewe."

Mama watoto akaitisha kikao. Tukakubaliana kuwa na neno la siri: yeyote atakayepiga kuhusu binti aulizwe jina la mbuzi wetu. Mwalimu wa kweli atamuuliza mtoto. "Na kama mtoto kazimia?" nikauliza, nikidhani nimeshinda. "Basi tutapiga namba ya kwenye fomu," akasema, "kama alivyokufundisha mke wa wakala."

Mbuzi wetu anaitwa Mwenyekiti. Si siasa. Ana tabia ya kupanda kwenye kiti changu cha uvivu nikiinuka, na ukimfukuza anakutazama kama wewe ndiye mgeni. Siri nzuri kabisa, hakuna tapeli wa mjini angeibahatisha.

Wiki mbili baadaye michango ya shule ikanibana, nikaamua kumuuza. Nikampiga picha, picha ikakataa kwenda kwa sababu ya mtandao, maneno yakaenda peke yake kwenye kundi la WhatsApp la kijiji: "Mwenyekiti anauzwa. Laki moja, maelewano yapo."

Kundi lile lina mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji, wa kamati ya shule, wa kwaya na wa kikoba. Wote walijibu. Wa kwaya aliuliza anauzwa na nani. Wa kikoba akaapa kwamba hesabu zake ziko wazi. Mmoja, simtaji, aliudhika na bei. Mtendaji akanipigia kunikumbusha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: habari za uongo, faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Milioni tano ni Wenyeviti hamsini. Nikamwambia ni mbuzi, mtendaji, naomba uje umwone. Akaja. Akamkuta kwenye kiti.

Mbuzi hakuuzwa, kwa sababu kila aliyekuja kumtazama alikuja kucheka. Lakini sasa kuanzia Kasulu hadi Kibondo hakuna asiyejua jina la mbuzi wangu, kwa hiyo siri imekufa. Kikao kimekaa tena na mbuzi amepewa jina jipya. Analijua mama watoto, analijua binti, na wa darasa la nne analijua. Mimi sijaambiwa.