Gari Lililomfungia Mama Mkwe

Kigari changu kina milango mitano ukihesabu na buti, na kwa miezi miwili yote mitano ilikuwa na akili zake. Usiku nimelala nasikia kutoka uani: tak! Kimya. Kisha tena: tak-tak! Mama watoto ananitikisa bega, "Baba, wezi." Natoka na panga na tochi. Mwizi simwoni. Namkuta paka wa jirani kajilaza juu ya boneti, na dirishani vile vijiti vya loki vinapanda na kushuka, vyote vinne kwa pamoja, kama wanakwaya wanaofundishwa kuinama.

Ukiwa na gari bovu hukosi madaktari. Jirani alisema ni betri ya rimoti. Nikaenda dukani, nikapewa kidude chembamba kilichoandikwa CR2016, wakati rimoti yangu inakula CR2032. "Zote duara tu, bosi," akasema muuzaji. Nikarudi kesho yake kununua ya pili, maana zile namba si urembo: 20 ni upana kwa milimita, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Betri mbili, shilingi 3,000. Milango ikaendelea na kwaya.

Fundi wa kwanza akasema alamu imekufa, akafunga mpya kwa shilingi 120,000. Sasa gari likawa linajifunga na kupiga kelele juu. Fundi wa pili akasema mota zinazovuta loki zimechoka, akabadilisha ya mlango wa nyuma kushoto, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Shilingi 45,000. Wa tatu hakugusa kitu. Alitikisa kichwa tu na kusema ubongo wa gari umeungua. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kushika usukani, alisema gari limechezewa na mtu, na alikuwa na wazo ni nani.

Mambo yakawa hivyo hadi mama mkwe alipokuja mjini.

Nilimpokea stendi ya Mbezi, saa saba mchana. Nikampa shikamoo, nikamkalisha kiti cha nyuma kwa heshima zote, nikawasha gari apate ubaridi, kisha nikashuka kupakia mkungu wake wa ndizi. Nikafunga mlango wangu, nikapakia, nikafunga buti. Tak! Funguo ndani, injini inanguruma, mkwe kafungiwa. Milango ya nyuma nilikuwa nimeiwekea loki ya watoto, kwa hiyo kwa ndani haifunguki. Swichi za vioo vya abiria nazo nilikuwa nimezifunga, kwa sababu hizo hizo za watoto. Yaani gari zima nilikuwa nimeliandaa kwa mfungwa wa miaka minne, akaingia wa miaka sitini na nane.

Nikamwonyesha kwa ishara ainamie mbele, anyanyue kijiti cha loki cha dereva. Akadhani namsalimia tena. Akanipungia mkono. Aliponielewa, alijipenyeza katikati ya viti, kanga ikanasa kwenye breki ya mkono, akanyanyua kijiti. Kikapanda, na kabla sijavuta kitasa, tak! Kikashuka. Akanyanyua tena, tak! Hapo watu wakaanza kukusanyika. Mpiga debe mmoja akaacha abiria wake, akashika uongozi: "Bibi, wewe nyanyua, shemeji avute! Nikisema tatu! Moja... mbili..." Stendi nzima ikaitikia "Tatu!" Mara ya nne mlango ukafunguka, kwa makofi. Mama mkwe akajiweka sawa kanga, akasema kwa upole, "Baba, gari lako lina wivu."

Baadaye kijana mmoja aliuliza kwa nini bibi hakushusha tu kioo cha dereva kwa swichi ya dereva. Hakuna aliyemjibu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa eneo la Gerezani, kwa fundi mmoja mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Hakufungua boksi la vifaa. Aliniuliza, "Linafanya hivi wakati gani?"

"Wakati wowote tu, mzee."

"Kwenye umeme hakuna wakati wowote, mwanangu."

Akaushika mlango wa dereva, akaufungua na kuufunga polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto. Ulipofika nusu: tak-tak! Akaurudisha. Tak-tak! "Hapo hapo," akasema. Karibu na bawaba, kati ya mlango na bodi, kuna mpira mweusi wenye mikunjo, mnene kama ndizi sukari. Akauchomoa, na ndani mkatokeza fungu la nyaya. Mbili zilikuwa zimechubuka hadi shaba inaonekana.

Akanieleza. Mlango wa dereva ndio mnyapara wa milango mingine. Ukibonyeza swichi, waya wake unagusishwa na bodi, ujumbe unafika kwenye boksi linaloongoza loki, nalo linapeleka umeme kwenye mota zote. Waya mmoja wa kufunga, mwingine wa kufungua. Zikichubuka na kugusa chuma, boksi linadhani umeamuru wewe. Ukifunga mlango, au paka akiruka juu ya boneti, amri imetoka. Gari halikuwa na wazimu wala wivu. Lilikuwa linatii.

Na nyaya zinachoka kwa kukunjwa. Fungua mlango mara kumi kwa siku, kwa mwaka umezikunja mara 3,650, na kigari changu kilikuwa na miaka mingi Japani kabla sijakijua. Mzee alikata sehemu mbovu, akaunga vipande vipya virefu kidogo ili visivutike, akavichomelea kwa risasi badala ya kusokota tu, akafunga tepu. Dakika arobaini. Shilingi 15,000, baada ya mimi kutawanya 168,000 kwingineko.

Kwa hiyo, milango ya gari lako ikianza kwaya, usianze na alamu wala na shangazi. Angalia betri ya rimoti, angalia fyuzi, kisha utikise mlango wa dereva taratibu na usikilize. Na funguo, hata unaposhuka kupakia ndizi, shuka nazo.

Mama mkwe bado anapanda gari letu. Siku hizi anakaa mbele, na hafungi mlango kabla hajashusha kioo.