Mwaloni Usiotaka Maji

Ndugu zangu wa Muheza,

Huku San Diego tuko salama, wala sijahamia porini kama Shangazi alivyotangaza hadi stendi. Ile picha niliyowatumia ni bustani yangu. Na hicho kilichosimama katikati, kinachonifika kiunoni, ni mwaloni.

Najua mnacheka. Mwaloni mnaoujua nyie mliokulia misheni ya Magila ni wa kwenye Biblia: Ibrahimu amekaa kivulini anapokea wageni, Absalomu ananaswa kichwa juu ya nyumbu wake. Huu wangu Absalomu ungemnasa pindo la suruali, basi. Wataalamu wanauita Quercus dumosa, jina alilolitoa mwaka 1842 Thomas Nuttall, Mwingereza aliyefika hapa mwaka 1836 akawa anazunguka ufukweni peku, suruali kaikunja hadi magotini, anaokota makombe na mawe. Mabaharia wakabaki wanamshangaa mtu mzima huyu.

Mama ameuliza swali la Mbondei yeyote: unazaa nini? Mama, unazaa kokwa, kila moja imevaa kibaraghashia chake. Ukiitafuna hivihivi itakukausha ulimi. Wakumeyaay, wenyeji wa hapa tangu kabla ya Wahispania, kokwa za mialoni walizianika, wakazitwanga, unga wakauchuja kwa maji tena na tena mpaka uchungu ukatoka, ndipo wakapika uji mzito. Wewe uliyelelewa na mihogo michungu huhitaji maelezo zaidi.

Shida ya huku ni maji. Amani, huko milimani kwetu, inapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. San Diego inaambulia kama 250, nazo karibu zote zinanyesha majira ya baridi. Kuanzia Mei hadi Oktoba mbingu zimefungwa. Maji mengi ya bomba yanatoka Mto Colorado, huko nyuma ya milima na jangwa, na bili yake uifungue ukiwa umekaa. Mwaka 2015, ukame ulipobana, Gavana Jerry Brown aliagiza miji ipunguze matumizi ya maji kwa asilimia 25, na mamlaka za maji zikawa zinawalipa watu wang'oe ukoka uani. Mjomba, rudia kusoma hapo: mtu analipwa kung'oa nyasi. Wewe umepalilia michungwa miaka yote hiyo, nani amekupa hata soda?

Basi mwaloni huu unapandwa Novemba, mvua zikikaribia, kwenye udongo uleule ulioukuta, bila samadi. Unashughulika na mizizi kwanza. Huku juu unaweza kudhani umekufa, kumbe uko kazini. Kiangazi cha kwanza unaunywesha mara chache, lakini maji yazame hasa. Ukishashika, kiangazi usiuguse: udongo wenye joto ukilowa, mizizi inaoza. Majani yanayodondoka yaache palepale. Sasa fikirini mtu wa Muheza asimame jua la Agosti anautazama mmea, asiumwagilie! Mke wangu ameufungia mpira wa maji stoo, na ufunguo anatembea nao.

Jirani yangu, bibi mmoja mpole, ananiona mtesaji. Yeye dirishani kwake ana yale maua ya Usambara ambayo Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya pale Tanga enzi za Mjerumani, alimpelekea baba yake Ujerumani mwaka 1892. Anayapa maji ya uvuguvugu, tena kwa chini, majani yasipate madoa. Nilipomwambia kwetu Amani yanaota kwenye mawe kando ya vijito, na wachuma iliki wanayapita bila hata salamu, alishika kifua. Tangu siku hiyo likisinyaa moja ananigongea mlango, nije nizungumze na mtu wa kwetu.

Mjomba, umeomba mbegu. Hapa kuna ndege wa buluu, ana kelele na hana haya, kazi yake kufukia kokwa kila mahali. Anazozisahau zinaota. Nilimwona akichimbia moja kwenye chungu cha bibi huyo, akaifunika kwa jani, akaangalia kulia na kushoto, akaruka zake. Mwenzake hondohondo mnamfahamu: ndiye aliyesambaza mbegu za mhesi huko Amani, mti uliopandwa na watu wa misitu, leo umeingia hadi kwenye msitu wa asili na hautaki kutoka. Kwa hiyo mbegu situmi. Hata nikituma, masika ya Muheza yatauozesha mwaloni wenyewe kabla ya Juni, halafu lawama zije kwangu.

Hela ya bati nimeituma jana. Mkipungukiwa misumari, muulizeni Shangazi, ya mwaka jana anayo.