Jiko Limeikataa Sufuria

Stockholm, Januari

Shangazi,

Ile sufuria ya alumini uliyoniapisha nisiiache, forodha waliipitisha bila neno. Jiko ndilo limegoma. Nimetia mchele, tui na chumvi, nimewasha. Jiko likalia tii, tii, kisha likajizima.

Jiko lenyewe ni kioo cheusi, halina moto hata wa kuwashia sigara. Chini ya kioo umeviringishwa waya wa shaba. Umeme ukipita humo huzusha nguvu ya sumaku inayogeuka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, nayo huamsha umeme ndani ya kitako cha sufuria. Chuma huubania njia umeme huo, na ubishi wao ndio joto. Yaani sufuria inajipika yenyewe, jiko limekaa linatazama! Alumini haina ubishi, tena sumaku hainasi, basi jiko haliitambui kabisa. Muuza duka alinieleza haya kwa subira, nami nikawa naitikia kama profesa. Alama zangu za fizikia Baba anazo, usimwulize.

Nimenunua ya chuma. Wali unaiva, lakini juu nipalie nini? Mtaa mzima hauna kaa moja, na nikithubutu kuwasha kifuu, king'ora cha moshi kitatoa ghorofa zote nje kwenye theluji. Ukoko nauota usiku, Shangazi.

Hata vyumba hapa hupashwa joto bila moto ndani, kwa maji ya moto yanayopita kwenye mabomba chini ya barabara. Sehemu ya joto hilo hutoka Högdalen, ambako huchoma takataka za mji. Hilo nililimeza. Lakini kwenye stesheni kuu ya treni wanavuna joto la abiria! Mtu aliyetulia hutoa kama wati 100. Mitambo ya hewa hulikusanya joto hilo, hupasha maji, na maji huenda kupasha jengo la ofisi la jirani, Kungsbrohuset. Na sisi daladala za asubuhi tunalimwaga lote dirishani.

Siku hizi Jumapili naenda pale stesheni bila safari yoyote. Kuna watu, kuna makelele, mtu akikupiga kikumbo unajisikia uko sokoni. Juzi mlinzi akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, mimi ni kuni.